Rivyu ya bahasha za kuchora: kipi kinafika kizima na kipi kinakufia njiani

Nianze na maksi ili mwenye haraka aondoke nazo mapema. Kupamba bahasha na kuituma kwa posta naipa nyota nne na nusu kati ya tano, ile nusu nimeikata kwa sababu ya glita, ule unga unaometameta, nitafika huko. Wengi wakisikia sanaa ya posta wanadhani ni zile kadi za dukani zenye maua na maneno ya kupendeza, hapana, hapa tunaongelea bahasha yenyewe, ile ambayo watu wanaichana na kuitupa bila hata kuitazama, ndiyo unaigeuza picha, unabandika stempu, unaitumbukiza kwenye sanduku na inasafiri wazi hivyohivyo, kila anayeishika njiani anaiona, mpaka imfikie mwenyewe.

Sasa tatizo la rivyu nyingi za vifaa vya kuchorea ni kwamba mtu anaijaribu kalamu mezani, karatasi imetulia, mwanga mzuri, anapiga picha anakwambia wino mtamu sana. Meza haitusaidii sisi. Bahasha inapita kwenye mikanda ya mpira, inapindishwa kwenye kona za mashine, inagongwa muhuri, inabanwa na wenzake kwenye trei, na siku ya mvua inalowa kabla haijaingia ndani. Kwa hiyo mimi kifaa nakipima kwa hali kinachofika nayo, na watu ninaowaandikia wanajua sharti langu, kabla hujafungua nipigie picha mbele na nyuma. Wengine wamezoea hadi wananitumia picha ya kona iliyochanika tu na kicheko.

Tuanze na bahasha. Inayonifaa kuliko zote ni C6, milimita 114 kwa 162, A4 ukiikunja mara mbili inaingia bila kulazimisha na uso wake unatosha kuchora kitu kimoja kikubwa. DL, ile ndefu ya 110 kwa 220 ambayo maofisi wanatumia kwa bili, watu wanaidharau lakini kwa michezo hii ndiyo yenyewe, twiga aliyelala, treni, nyoka, foleni ya watu wenye hasira, chochote kirefu kinakaa vizuri. Za mraba ni nzuri kwa macho lakini mashine hazipendi, maana haziwezi kujua upande gani ni wa juu, na kuna nchi, Marekani ikiwemo, unatozwa nyongeza kwa lile umbo tu hata kama uzito haujabadilika. Kwa barua ndogo za kwenda nje, Umoja wa Posta Duniani, huu ulioanzishwa 1874, una vipimo vyake: isipungue milimita 90 kwa 140, isizidi 165 kwa 245, unene usipite milimita 5 na uzito usipite gramu 100. Ukizidisha haina maana kwamba haiendi, inahamia daraja lingine na stempu zinaongezeka, basi. Mimi nina kipande cha kadibodi nimekikata mwanya wa milimita 5, bahasha isipopita pale bila kusukumwa najua kuna kitu nimebandika kupita kiasi.

Karatasi yake iwe nzito kidogo. Zile za gramu 80 kwa mita ya mraba zinaonyesha barua ya ndani na zinajikunja ukipaka rangi ya maji, kuanzia 100 mpaka 120 unakuwa na amani. Za khaki ndizo ninazozipenda zaidi, zinaficha uchafu wa njiani na wino mweupe juu yake unatokea vizuri sana. Halafu kuna za kujitengenezea, na hizi nazipa nyota tano bila mjadala: unaichukua bahasha ya kawaida, unaibandua taratibu kwenye maungio mpaka ikunjuke yote, unailaza juu ya ukurasa wa kalenda ya zamani au ramani au gazeti la picha, unafuatisha kwa penseli, unakata, unakunja, unapaka gundi, tayari. Ramani ndiyo mfalme. Kalenda ina shida moja, ile karatasi yake ya kung'aa haishiki wino wala gundi ya stempu vizuri, muhuri wa posta ukigongwa juu yake unabaki mbichi na unachafua bahasha ya jirani, kwa hiyo kona ya stempu na sehemu ya anwani ubandike kwanza karatasi ya kawaida.

Kalamu sasa, hapa ndipo pesa za watu zinapopotelea. Wino uko wa namna mbili, ule unaoyeyuka kwenye maji na ule wa pigmenti ambao chembe zake za rangi zinang'ang'ania kwenye karatasi na zikikauka maji hayazibandui. Baadhi ya kalamu za jeli na wino mwingi wa kalamu za kujaza ni wa kundi la kwanza, mezani unavutia, tone moja la mvua anwani inageuka wingu la bluu. Sakura ya Japani ilitoa wino wake wa Pigma mwaka 1982 na kalamu zake za Pigma Micron ndizo ninazotumia kwa mistari na kwa anwani, nimeziwekea kidole chenye maji makusudi, hazitikisiki, ila ziache zikauke kwanza, na kwenye karatasi ya kung'aa zinachukua muda mrefu kuliko unavyodhani. Kwa rangi zenye kufunika, Posca za Mitsubishi Pencil, ni rangi ya akriliki ya maji iliyotiwa kwenye kalamu, kwenye khaki au kwenye karatasi nyeusi zinakaa juu bila kuzama na zikikauka zimekauka. Ukiipaka nene sana kwenye mkunjo inapasuka, hilo ndilo kosa lake pekee.

Makapeni za spiriti, zile zenye harufu kali, mimi nimeachana nazo kwa bahasha. Zinapenya. Unachora mbele samaki mzuri, unageuza unamkuta samaki yuleyule upande wa ndani na kivuli chake kiko kwenye ukurasa wa kwanza wa barua, ukimwandikia mtu habari ya msiba halafu katikati ya maneno kuna doa la chungwa, haipendezi. Penseli za rangi zinafika salama ila zimefifia, maana mikanda inazisugua, kreyoni ni mbaya zaidi, nta yake inahamia kwenye barua za watu wengine na hao hawajaomba sanaa. Rangi za maji nazipenda kwa moyo wote na ndizo zinazonitia hofu kuliko vitu vyote, ukitaka kuzitumia paka juu yake tabaka jembamba la dawa ya kuzuia maji au ukubali kwamba mvua nayo itachangia. Kuna watu wanaipenda hiyo michirizi, wanasema ndiyo safari yenyewe. Mimi kwenye picha sawa, kwenye anwani hapana.

Tepu za washi, zile za karatasi ya Kijapani, zina hadithi nzuri. Kamoi Kakoshi, kampuni ya Kurashiki huko Japani, ilianza mwaka 1923 ikitengeneza karatasi za kunasia nzi, baadaye ikaingia kwenye tepu za kuzibia za mafundi rangi, basi mwaka 2006 wanawake watatu wakawaandikia kuomba kutembelea kiwanda kwa sababu walikuwa wanazitumia kwa mapambo, na 2008 ikatoka tepu ya rangi na maua kwa jina la mt, ndiyo dunia nzima ikaigiza. Kwa kupamba hakuna kitu rahisi zaidi, mtu asiyejua kuchora hata nyumba anaweza kutoa bahasha ya maana kwa tepu tatu na mkasi. Lakini kumbuka ilizaliwa kuwa tepu ya kubandua! Gundi yake ni dhaifu kwa makusudi, kwa hiyo ukifungia bahasha kwa tepu ya washi peke yake unatuma barua iliyo wazi, mfuniko uutie gundi kwanza halafu tepu iwe pambo. Na ncha zake usiziache zikaishia pembeni kabisa mwa bahasha, zivushe upande wa pili au zikate milimita kadhaa kabla, maana mkanda wa mashine ukiikuta ncha iliyoinuka unaivuta yote, na bahasha inafika ina mstari safi usio na vumbi pale tepu ilipokuwa, kama alama ya plasta iliyobanduliwa kwenye ngozi.

Kolaji, yaani kubandika vipande vya karatasi na picha, nayo ni hivyohivyo. Gundi ya stiki inatosha kama umepaka mpaka ukingoni, pembe za kipande ndizo zinazosaliti, nami huwa nazipitishia mgongo wa kijiko halafu naiweka chini ya vitabu mpaka kesho yake. Vitu vya kushona kwa uzi vinafika vizuri kuliko nilivyotarajia, uzi bapa wa mshono mfupi. Vifungo vya nguo, shanga, maganda ya bahari, hivyo weka ndani kwenye kifurushi chenye stempu zake, juu ya bahasha ya kawaida vinakwamisha mashine na vinaweza kuchana barua ya mtu mwingine kabisa.

Lakiri pia, ile nta ya kufungia barua. Ile ya zamani, ngumu, ikipita kwenye mashine inavunjika vipande na mwenyewe anapokea doa jekundu na unga. Zipo za siku hizi zinazopinda, hizo zinasalimika, au muhuri wa lakiri ufiche ndani, bahasha ndani ya bahasha, anafungua ya nje anakutana na ya pili imefungwa kifalme. Glita sina la kuzungumza nayo, nyota sifuri, inatoka, inaingia kwenye mashine, inaingia kwenye nguo za mtu anayepanga barua na kumbe bahasha hiyo unamtumia rafiki unayempenda.

Sasa tufike kwenye stempu na anwani, na hapa naomba nikae kidogo maana ndipo utamu wote ulipo. Ukitaka posta iwe rafiki yako, waachie sehemu mbili tu, kingine chote ni chako. Kwa barua za kimataifa hesabu ni hii: kutoka ukingo wa juu acha milimita 40, hapo ni pa stempu na muhuri, anwani ikae upande wa kulia chini ya hapo, isiguse milimita 15 za mwisho kulia wala milimita 15 za chini, na isianze mbali zaidi ya milimita 140 kutoka ukingo wa kulia. Jina la nchi mstari wa mwisho kwa herufi kubwa. Anwani iwe wino mweusi juu ya rangi nyepesi, usiandike kwa mviringo wala kwa herufi za madoido, maana kinachoisoma kwanza ni kamera, na kamera ikishindwa picha inapelekwa kwa binadamu aisome kwenye kioo cha kompyuta, binadamu naye akishindwa inaanza kuzunguka. Zile milimita 15 za chini watu wanazichezea halafu wanashangaa, pale mashine nyingi zinachapa vistari vyake vya msimbo wa kuielekeza barua, wewe umechora samaki mkia wake uko chini kabisa, anafika kavaa vistari vya chungwa mkiani. Mimi siku hizi naviwekea mahali makusudi, nachora ua wa nyumba na pengo chini, mashine inamalizia uzio.

Na ule muhuri wa mawimbi! Posta nyingi zikifuta stempu kwa mashine zinapiga duara la tarehe na mistari ya kujipinda inayopita juu ya stempu. Basi chora mtumbwi mdogo pembeni ya stempu, mtu kakaa na kasia lake kwenye karatasi kavu, hakuna maji, unaipeleka posta, bahari inaletwa na mashine. Kuna moja ilifika mistari imepita chini kidogo ya mtumbwi, imeukosa kwa upana wa kidole, mtu anapiga kasia hewani, tulicheka sana kuliko ingekaa sawasawa. Stempu yenyewe pia iingize kwenye mchezo, yenye ndege mchoree mtu anayeishikilia kwa uzi kana kwamba ni tiara, yenye picha ya kiongozi mchoree mwili na suruali ya kaptula (hii kwa hiari yako, usinitaje), ya jengo iwe dirisha ambalo paka anachungulia. Mwiko ni mmoja, usichore juu ya stempu, usiifunike kwa tepu wala kwa rangi ya kung'arisha, na usizipandishe stempu moja juu ya nyingine. Stempu iliyofunikwa watu wa posta wana haki ya kuikataa kwa sababu haifutiki, na nchi nyingi stempu zao zimepakwa kitu kinachong'aa chini ya taa maalumu ndicho kinachoiambia mashine upande gani ni wa mbele, ukikiziba mashine inakuwa kipofu. Stempu za kujichorea, zenye vitobo pembeni na nchi isiyokuwepo, ni tamu mno na wasanii wamekuwa wakizitengeneza miaka mingi, lakini zikae nyuma ya bahasha au kushoto, sio kwenye kona ya kulia juu ukategemea itapita, hapo umetoka kwenye sanaa umeingia kwenye udanganyifu.

Kuna waliokuwa wanaisumbua posta kuliko sisi sote na barua zao zikafika. Mfaransa Stéphane Mallarmé, mshairi, alikuwa anaandika anwani kwa beti za mistari minne zenye vina, jina la mtu na mtaa vimo ndani ya shairi, na posta ikazipeleka, kisha mashairi hayo yakachapishwa 1894. Halafu yupo W. Reginald Bray wa London, huyu mwaka 1898 alinunua kitabu cha kanuni za posta ya Uingereza akakisoma na kuanza kutafuta mipaka iko wapi: alituma tanipu iliyochongwa anwani, fuvu la sungura anwani imeandikwa kwenye mfupa wa pua na stempu nyuma, mbwa wake, na hatimaye mwaka 1900 akajituma mwenyewe akapelekwa hadi mlangoni kwao. Ukisoma habari zake unaona posta haikuwa inamfanyia hisani, alikuwa amesoma kanuni vizuri kuliko makarani. Huo ndio ushauri ninaoweza kukupa kuhusu vitu vya ajabu, soma kanuni za posta yako, zimeandikwa, zinasomeka, na utashangaa ni mangapi yanaruhusiwa.

Turudi kwenye huduma yenyewe. Kwa mashine posta naipa nyota nne. Hizi mashine za kupanga barua zinapitisha zaidi ya 30,000 kwa saa, yaani bahasha yako uliyoihangaikia jioni nzima inatazamwa kwa sehemu ndogo ya sekunde, na bado nyingi zinafika zimekwaruzwa kona tu na kuna mstari mweusi wa mkanda. Kwa kaunta maksi zinategemea umemkuta nani. Ukimkuta karani mwenye moyo, unamwomba kwa adabu agonge kwa mkono, anachagua muhuri wenye wino mzuri, anauliza niupige wapi, na anamwita mwenzake aje aone. Ukimkuta mwingine, kama yule mmoja ambaye posta yake siitaji, anaitazama bahasha, anakutazama, halafu anafuta stempu kwa bolpeni, mkwaruzo mmoja mrefu kuanzia stempu hadi usoni kwa bibi niliyemchora mistari ya mikunjo mmoja mmoja. Niliumia. Aliyeipokea akasema bibi anaonekana kama ana ndevu na ameipenda zaidi hivyo, sikufarijika.

Ukipenda kazi ifike bila kovu kabisa ipo njia, weka bahasha iliyopambwa ndani ya bahasha nyingine tupu, au ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha, stempu na anwani nje. Inafika mpya. Mimi naipa nyota mbili tu, umetuma picha kwa posta lakini posta haijaigusa, basi si ungempa mkononi.

Kuna wanaoona huu ni mtindo mpya wa mitandaoni, waambieni. Mwaka 1840 Uingereza ilipoanza kulipisha barua kabla ya kutumwa, pamoja na ile stempu nyeusi ya peni moja walitoa bahasha rasmi iliyochorwa na William Mulready, Britannia, yaani Uingereza iliyochorwa kama mwanamke, amekaa na simba wake anatuma wajumbe pande zote za dunia, mbwembwe tupu. Watu waliicheka mpaka serikali ikaiondoa, na wachapishaji wakaingia kazini wakiuza bahasha za kuikejeli, zenye vichekesho. Kwa hiyo ni mwaka uleule stempu ilipozaliwa bahasha ya utani nayo ilikuwepo. Wa karne iliyopita anayetajwa sana ni msanii Ray Johnson wa Marekani, aliyezaliwa 1927 akafariki 1995, alikuwa anakutumia mchoro wenye maelekezo uongeze kitu chako kisha umrudishie, au umpelekee mtu wa tatu, na mwaka 1970 jumba la sanaa la Whitney huko New York likafanya maonyesho ya vitu ambavyo watu wa mtandao wake walituma. On Kawara naye, msanii wa Kijapani, kuanzia 1968 hadi 1979, alituma kadi mbili za posta kila siku zimegongwa muhuri wa saa aliyoamka, hana mapambo, hana habari nyingine, nimeamka saa fulani, basi. Mimi kwa uvivu wangu hiyo ya Kawara ndiyo inayonishangaza kuliko zote.

Ile michezo ya kuongeza na kurudisha ndiyo ninayoipendekeza kwa anayeanza na anaogopa kuchora. Unachora nusu ya kitu, miguu tu, unamwachia mwenzako kiwiliwili, bahasha inatumiwa tena kwa kubandika kipande kipya cha anwani juu ya kile cha zamani, stempu mpya pembeni ya zilizofutwa (zile za zamani zikate kwa mstari wa kalamu unaoonekana wazi ili mashine isichanganyikiwe), mihuri inarundikana, mpaka karatasi ichoke. Kuna yangu moja imefikia hatua ya kuwa tepu kuliko karatasi na bado inadunda.

Na maonyesho. Kuna miito ya sanaa ya posta ambapo mtu anatangaza mada, unatuma kwa posta, na utaratibu uliozoeleka ni kwamba hakuna ada, hakuna jopo la kuchuja, kila kilichofika kinaonyeshwa, hakirudishwi, na walioshiriki wanapata kumbukumbu ya maonyesho. Kama huduma naona ni ya haki kuliko mashindano mengi ya sanaa. Ila usome masharti ya kila mwito, ukiona wanadai pesa ya kushiriki huo sio utaratibu wa watu hawa. Na kwa vile hakirudi, piga picha pande zote mbili kabla ya kutuma, na anwani yako ya kurudishia iandike nyuma kwa wino wa pigmenti, ndogo tu, maana isipofika kwa mwenyewe ndiyo njia pekee ya kukurudia.

Kwa wanaouliza waanze kununua nini, kalamu moja ya pigmenti nyeusi ya 0.5, Posca nyeupe yenye ncha nyembamba, gundi ya stiki, bahasha za khaki za C6, na stempu za picha za kuchekesha ukizikuta posta, omba wakuonyeshe zilizopo, usikubali tu ile wanayokukatia. Tepu za washi utazipata tu hata usipozitafuta, kila mtu anakupa.

Mimi kinachofuata ni kadi ya Ben Vautier. Msanii huyu Mfaransa mwaka 1965 alitoa kadi ya posta yenye sehemu ya anwani pande zote mbili, unaandika mtu mmoja huku, mwingine kule, stempu pande zote, na mtu wa posta ndiye anayeamua nani apate. Yangu iko tayari, ina majina ya marafiki wawili ambao kila mmoja analalamika kwamba namwandikia mwenzake zaidi, nimewapigia wote kuwaambia kadi iko njiani.